Kuipa Hedi Pumzi: Mwongozo Kamili wa Kuchonga Njia za Hewa za Injini

Gari la Malindi lina bahati ambayo la Nairobi halina. Huku tuko usawa wa bahari na hewa ni nzito. Kule juu, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hadi 18. Injini ileile iliyokuwa ikihema kupanda Limuru ikiteremka pwani huamka yenyewe kabla hata ya kuguswa na spana. Hewa tunayo. Kazi ni kuiachia njia, na pahali inapobanwa zaidi ni ndani ya hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda na kubeba vali, kwenye zile sentimita chache kabla na baada ya vali.

Mwongozo huu ni wa fundi, au mwenye gari mwenye mkono mwepesi na subira, aliye tayari kung'oa hedi na kuichonga. Mfano nitakaoshika ni injini ya Toyota 4A-FE, ya sisi (cc) 1587, iliyofungwa kwenye Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990. Hedi yake ni ya alumini, ina vali 16, na ukiiharibu utapata nyingine kuukuu bila kuuza shamba. Kanuni ni zilezile kwa 1NZ-FE ya Probox au injini yoyote ya petroli, ila vipimo vya kila injini vifuate kitabu chake.

Niseme mapema ninachoamini: kwa magari yetu, yanayobeba mizigo kwenda Garsen na kupasua mchanga wa njia ya Marafa kwa gea ya pili, faida haimo katika kupanua tundu. Imo katika vali kuziba sawasawa na hewa kupita kwa kasi bila kujikwaa. Anayekuambia achonge tundu liwe kubwa "kama la gari la rali" anakuuzia kelele.

Kwanza hakikisha kosa liko kwenye hedi

Gari lisilovuta lina sababu nyingi, na nyingi ni rahisi kuliko kung'oa hedi. Toa filta ya hewa uitazame. Vumbi la Kakoneni huiziba upesi kuliko ratiba ya sevisi inavyodhani. Kagua bomba la moshi kama limebonyezwa kwa chini, na kama katalisti, kile kichujio cha moshi, bado iko ndani, igonge kwa kiganja: ikilia kama njuga, imevunjika na huenda vipande vimeziba njia. Hakikisha pia kebo ya aksilereta inafungua mlango wa hewa hadi mwisho. Nyingi hazifungui, na hilo hutibiwa kwa spana namba kumi.

Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, aksilereta ikanyagwe hadi chini, betri iwe na nguvu. Kwa 4A-FE, silinda iliyo chini ya PSI 142 imechoka, na silinda zisipishane kwa zaidi ya PSI 14. Silinda ikiwa chini, tia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zinazovuja, na kuchonga hedi hakutakusaidia kitu. Kisipopanda, vali hazizibi au gasketi imekula, na hapo hedi ina kila sababu ya kutoka.

Hewa inavyokwenda

Kwa mzunguko wa 6,000 kwa dakika, kila silinda huvuta hewa mara 50 kwa sekunde, na vali ya kuingiza hukaa wazi kwa milisekunde sita au saba tu kila mara. Hata kwa mzunguko wa 3,000 hazizidi 14. Ndani ya muda huo hewa inatakiwa iondoke mahali pake, ishike kasi, ikate kona, ipite pembeni mwa vali na kuijaza silinda. Ikishashika kasi ina uzito wake: huendelea kuingia hata pistoni ikiwa imeanza kupanda. Kasi hiyo ndiyo mali yako.

Tazama hesabu. Njia ya duara yenye upana wa milimita 28 ina eneo la milimita za mraba 616. Ukiipanua ifike milimita 31, eneo linakuwa 755. Hewa ya kiasi kilekile sasa inapita ikiwa na kasi pungufu kwa asilimia 18. Kwenye mzunguko wa juu sana huenda ukafaidika. Kwenye mzunguko wa 2,000, ambapo gari la mizigo huishi, umeiua injini kwa mkono wako, na alumini haiongezwi tena ila kwa kuchomelewa.

Hesabu ya pili ni ya vali. Vali yenye upana wa milimita 30 inapofunguka, hewa hupita kwenye pete inayoizunguka. Eneo la pete hiyo ni mzingo wa vali mara kimo ilichoinuka. Ikiinuka milimita 3 unapata milimita za mraba 283, ikiinuka 7.5 unapata 707, sawasawa na eneo la vali yenyewe. Maana yake, kwa sehemu kubwa ya muda kinachobana hewa ni ukingo wa vali na kiti chake, ile pete vali inapokalia ikifunga, wala si tundu la nyuma. Ndiyo sababu fundi mjuzi hutumia muda wake mwingi hapo, na njia iliyobaki huipitia juujuu.

Halafu kuna ile kona. Njia ya hewa huingia kwa mlalo kisha hupinda kuelekea silinda. Upande wa ndani wa kona, ulio mfupi, ndio mgumu. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa Sabaki pale mto unapopinda ameliona jambo lenyewe: maji hukimbilia ukingo wa nje, na upande wa ndani hulala na kurundika mchanga. Hewa nayo ikishindwa kufuata kona ya ndani huachana na ukuta, huzunguka ovyo, na sehemu ya tundu inakuwa haitumiki ingawa ipo.

Vifaa

Unahitaji grinda ndogo ya mkono, ya umeme au ya upepo, iliyo na uwezo wa kupunguzwa kasi. Drili yenye waya wa kupindika nayo hufaa kwa msasa. Vichwa vya kusagia viwe vya kabaidi, na vya alumini hasa, vile vyenye meno mapana. Vya meno madogo, vile vya kusagia chuma, vitajaa alumini mara moja. Chukua kimoja cha umbo la yai na kimoja kirefu chenye ncha ya mviringo, vyote viwe na shina refu. Vipake nta ya mshumaa au mafuta ya taa kila mara ili alumini isigande kwenye meno. Ongeza misasa ya kuviringisha ya namba 60, 80 na 120, kalipa ya kupimia upana, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), rula ya chuma iliyonyooka kikweli, kibano cha springi za vali, pasta ya kusagia vali, na spana ya kupimia mkazo wa bolti. Hii ya mwisho kama huna, azima. Kukaza bolti za hedi kwa kukisia ni kuitafuta gasketi mpya.

Vaa miwani na barakoa. Unga wa alumini haufai mapafuni, na ukitapakaa hewani hushika moto. Usichonge karibu na jiko wala anayechomelea, wala usiweke kopo la petroli karibu na grinda.

Kung'oa

Injini ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku kucha. Mwaga maji ya rejeta, toa waya ya betri, weka pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa na utie alama za taiming kwa rangi kabla ya kulegeza mkanda. Piga picha za kila waya na kila bomba. Simu yako ni daftari tosha. Kwa 1NZ-FE kuwa mwangalifu zaidi, kwani ina cheni, na taiming ikikosewa vali hukutana na pistoni zikapinda.

Bolti za hedi zilegezwe kuanzia za nje kwenda za kati, kidogokidogo kwa awamu tatu. Ukilegeza moja hadi mwisho wakati nyingine zimekaza, hedi ya alumini hujipinda. Vali, springi, vikufuli na shimu za tapeti (vile visahani vya kurekebisha nafasi kati ya vali na kamshafti) vipangwe kwenye ubao wenye matundu yaliyoandikwa namba. Kila kimoja kirudi nyumbani kwake.

Kusafisha na kukagua

Usitumie kostiki soda. Kwa hedi ya chuma ilikuwa sawa, lakini alumini huyeyuka ndani yake huku ikitoa gesi ya haidrojeni. Tumia mafuta ya taa, sabuni, brashi ya plastiki au ya shaba nyeusi, na kipande cha ubao mgumu kwa kukwangulia gasketi. Kaboni iliyogandia kwenye vyumba vya mwako ilainishwe kwa dawa ya kusafishia kabureta, iachwe inywe, kisha ikwanguliwe.

Sasa angalia matundu ya maji. Huku kwetu hapa ndipo hedi nyingi huhukumiwa. Visima vingi vya Malindi maji yake yana chumvi, na dereva akiyatia kwenye rejeta badala ya kulanti, alumini huliwa taratibu kuzunguka matundu hayo mpaka gasketi inakosa pa kukalia. Mashimo madogo yasiyofika kwenye pete ya silinda yanaweza kuondoka kwa kuskimu, yaani kusawazisha uso wa hedi kwa mashine. Yaliyofika kwenye pete yajazwe na mchomeleaji wa alumini anayeijua kazi, au tafuta hedi nyingine. Usichonge hedi iliyooza.

Nyufa hutafutwa kwa mbinu ya zamani isiyohitaji mashine: pakaa mafuta ya taa kati ya viti vya vali na kuzunguka tundu la plagi, subiri, futa pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Ufa ukiwepo utachora mstari wa unyevu kwenye chaki. Hedi iliyowahi kuchemsha ifanyiwe hivi mara mbili.

Usawa wa uso hupimwa kwa rula na fila geji, kwa marefu, kwa mapana na kwa mishazari. Injini nyingi za Toyota haziruhusu zaidi ya milimita 0.05 upande wa bloku. Ikizidi, iskimiwe, lakini iskimiwe mwishoni baada ya kuchonga, na kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, sababu inakuja.

Mwisho tikisa kila vali ikiwa imeinuliwa kidogo kwenye kiongozi chake, kile kibomba ambamo shina la vali huteleza. Vali ikicheza kupita kipimo, kiongozi kibadilishwe kwanza. Kiti cha vali huchongwa kwa kufuata kiongozi, kwa hivyo ukibadilisha baadaye kazi yote ya kiti inakuwa bure.

Kuchonga

Anza na njia moja, uimalize, ndipo uende nyingine. Na uanze na ya moshi, kwa kuwa inasamehe zaidi. Mkono ukishazoea ndipo uingie kwenye ya hewa. Chomeka vali kuukuu mahali pake kila unapofanya kazi karibu na kiti. Grinda ikiruka mara moja ikakwaruza kiti, umeongeza gharama ya karakana.

Mdomo wa njia, pale manifoldi (mabomba ya kuleta hewa au kutoa moshi) inapokutana na hedi, paka rangi ya wino au kalamu nzito, weka gasketi mpya kwa bolti zake, chora kwa msumari ukifuata tundu. Kabla hujachonga mpaka kwenye mstari huo, jiulize kama gasketi yenyewe si kubwa kuliko manifoldi, maana mara nyingi ndivyo ilivyo. Unachotaka ni kuondoa ngazi. Kwa upande wa hewa, manifoldi isitokeze ndani zaidi ya hedi wala hedi isisimame kama ukuta mbele ya hewa inayokuja. Kwa upande wa moshi, tundu la manifoldi likiwa kubwa kidogo kuliko la hedi si kosa: ile ngazi ndogo huzuia moshi unaojaribu kurudi. Ngazi ya kinyume, moshi ukitoka hedi na kugonga ukingo wa manifoldi, iondoe.

Kuta za njia zina mistari na vinundu vilivyobaki kiwandani wakati wa kumimina alumini. Viondoe, lainisha, basi. Hapa ndipo wengi hulewa wakaendelea kuchonga kwa sababu kazi inaonekana. Mkono wako ukitaka kuendelea, weka grinda chini ukanywe chai.

Kazi yenyewe iko kwenye bakuli, ile sehemu iliyo chini ya kiti cha vali. Kiti ni pete ya chuma iliyopigiliwa ndani ya alumini, na kiwandani mashine huacha ukingo mkali mahali pete inapokutana na alumini. Upitishe kidole uusikie. Ukingo huo uko pale pale hewa inapokwenda kasi kuliko popote. Usage mpaka kidole kiteleze kutoka alumini hadi chini ya kiti bila kukwama, lakini usiuguse uso unaokutana na vali. Upana wa koo la bakuli ubaki kati ya asilimia 85 na 90 ya upana wa vali. Kwa vali ya milimita 30 ni milimita 25.5 hadi 27. Pima kwa kalipa kila baada ya muda mfupi. Ukipita hapo, kiti kinabaki hakina nyama chini yake, na hewa haina tena pa kujipangia kabla ya kuvuka ukingo.

Kona ya ndani iguse kwa msasa, si kwa meno ya kabaidi. Hutaki kuishusha. Unataka mzunguko wake uwe laini na mpana, usiwe na kilele kikali ambapo hewa itaruka. Mafundi wengi huichonga kwa kuwa ndiyo inayofikika kwa urahisi, wakaifanya kona kuwa kali zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani. Ukiwa na shaka, iache. Afadhali uondoe kidogo upande wa nje, juu, kuliko kuigusa hii.

Kiongozi cha vali hutokeza katikati ya njia. Uvimbe wa alumini unaokizunguka punguza pembeni uwe na umbo la mtumbwi, mwembamba mbele na nyuma. Usikikate kiongozi chenyewe kiwe kifupi, hasa upande wa moshi: joto la vali ya moshi hutoka kupitia kiti na kiongozi, na ukikifupisha vali itaungua.

Ukimaliza umbo, maliza uso. Njia ya moshi ilainishwe hadi msasa wa 120 au zaidi. Ikimeremeta kaboni hukosa pa kushika kwa muda. Njia ya hewa usiimeremeteshe. Ikiwa petroli inapita humo, iwe ya kabureta au ya injekta zilizo kwenye manifoldi, matone hujishikiza kwenye ukuta laini na kutiririka yakiwa maji. Uso wa msasa wa 60 au 80 huyavunja na kuyarudisha hewani. Wateja hupenda kuona kioo. Waonyeshe njia ya moshi.

Chumba cha mwako

Hapa kazi ni ndogo lakini si ya kupuuzwa. Ondoa kingo kali zote, hasa kuzunguka tundu la plagi na pembeni mwa viti, kwani ncha nyembamba hubaki nyekundu kwa moto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake. Ukuta ulio karibu sana na vali ya kuingiza unaweza kusogezwa kidogo ili vali ipumue pande zote. Chora mstari wa silinda kwa kutumia gasketi ya hedi na usiuvuke.

Kisha pima ujazo wa kila chumba. Fungia vali na plagi, pakaa grisi ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki ngumu inayoangaza kilichotobolewa tundu dogo, ujaze mafuta ya taa kwa bomba la sindano la mililita 60 kutoka duka la dawa. Vyumba vinne visipishane kwa zaidi ya nusu mililita. Kilicho kidogo kichongwe kidogo kukifikia kikubwa.

Sasa ile hadithi ya kuskimu. 4A-FE ina uwiano wa kompresheni wa 9.5 kwa 1, na kila silinda ni sisi 397, kwa hiyo nafasi inayobaki juu ya pistoni ni sisi 46.7 hivi. Tuseme mdomo wa chumba una eneo la sentimita za mraba 40. Ukiskimu milimita 0.2 unapoteza sisi 0.8 na kompresheni inafika 9.65. Ukiskimu milimita 0.5 inakaribia 9.9. Mtu wa Nairobi anaweza kucheka na tarakimu hizo. Huku pwani, hewa ikiwa nzito na joto la Februari lilivyo, ni mwaliko wa injini kugonga, petroli ikijiwakia ovyo ndani ya silinda. Ndiyo maana nikasema uskimu kidogo.

Viti na vali

Kazi hii ipeleke karakana yenye mashine ya kukatia viti. Kama huipati Malindi, Mombasa ni kilomita 120 na ushei. Omba pembe tatu: 30 juu, 45 pale vali inapokalia, 60 chini. Upana wa pembe ya 45 uwe milimita 1 hadi 1.5 kwa vali za kuingiza, na kati ya 1.5 na 2 kwa za moshi, ambazo zinahitaji eneo zaidi la kutolea joto. Nikiwa na pesa za jambo moja tu katika mwongozo huu wote, ningezimwaga hapa. Kiti kizuri kwenye hedi ambayo haijachongwa kitashinda njia iliyochongwa kwa ustadi yenye kiti kibovu.

Vali zenyewe ziondolewe kaboni iliyojaa mgongoni, kisha ile ya kuingiza ikatwe pembe ya 30 nyuma ya uso wake wa kuzibia. Husaidia vali ikiwa imeinuka kidogo tu, na gharama yake ni ndogo.

Sagia kila vali kwa pasta nyembamba mpaka pete ya kijivu isiyokatika itokee pande zote. Futa pasta yote. Geuza hedi, jaza mafuta ya taa chumbani, utazame ndani ya njia. Kikipita hata kijasho baada ya dakika kumi, rudia.

Kupima bila mashine ya maabara

Maabara hupima mtiririko kwa mvuto wa inchi 28 za maji, yaani milimita 711. Nyumbani hutafika huko wala huna haja. Chukua mashine ya kuvuta vumbi, iunge kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko imara, na juu ya kifuniko ufunge kipande cha bomba chenye upana wa silinda, milimita 81. Kalisha hedi juu yake. Toboa ndoo uunge mpira unaoangaza, uupinde kwa umbo la U na utie maji yenye rangi. Washa. Maji yatapanda upande mmoja, na njia inayopitisha hewa nyingi itayapandisha kwa kimo kidogo kuliko nyingine, kwa kuwa ndoo haibaki na utupu mwingi.

Inua vali kwa bolti yenye nati, upime kwa milimita 2, 4, 6 na 8, uandike. Fanya hivyo kabla ya kuchonga na baada ya kila hatua. Umeme wetu hupanda na kushuka, kwa hiyo acha njia moja bila kuguswa hadi mwisho, na kila kikao anza kwa kuipima hiyo. Kama kipimo chake kimebadilika, umebadilika umeme. Ukiona milimita 2 na 4 zimeboreka, umefanya kazi ya maana. Ikiwa 8 tu ndiyo iliyoboreka na za chini zimeshuka, umepanua tundu.

Kuosha na kufunga

Osha hedi kwa maji ya moto na sabuni, piga brashi ndefu kila tundu la oili na la maji, suuza, kausha kwa kompresa, kisha anza upya. Punje za msasa zikifika kwenye beringi, injini haitafika Mambrui. Hedi ikikauka paka oili nyepesi siku hiyohiyo. Viti na springi ni chuma, na upepo wa bahari huvitia kutu upesi.

Weka sili mpya za vali, paka mashina oili, rudisha kila kitu mahali pake. Kumbuka kwamba kukata kiti huizamisha vali, na shina lake husogea juu karibu na kamshafti, kwa hiyo nafasi ya tapeti hupungua. Pima zote kwa fila geji injini ikiwa baridi, na ubadilishe shimu kwa zilizo nyembamba panapohitajika. Ukilipuuza hili vali haitafunga kabisa injini ikipata moto, na itaungua.

Matundu ya bolti kwenye bloku yatolewe maji na oili; tundu lililojaa linaweza kuipasua bloku. Gasketi iwe mpya, uso uwe mkavu. Kwa 4A-FE kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu hadi Nm 29, halafu nyuzi 90, halafu nyuzi 90 tena. Tia alama ya rangi kwenye kila bolti ili uone imezunguka kiasi gani.

Baada ya kuwasha

Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya stata. Tia kulanti, si maji ya kisima. Ikiwaka, iache ipate moto taratibu, utoe hewa kwenye mfumo wa maji, utazame kama kuna kinachovuja.

Hewa ikiongezeka, petroli nayo iongezeke. Kompyuta ya 4A-FE hukisia hewa kwa kupima mgandamizo ndani ya manifoldi; 1NZ-FE huipima hewa yenyewe ikipita, kwa hiyo huzoea mabadiliko kwa urahisi zaidi. Kwa zote mbili, sensa ya oksijeni hurekebisha mchanganyiko kwenye mwendo wa kawaida, lakini ukikanyaga hadi chini hairekebishi. Magari mengi ya mtumba sensa hiyo imekufa zamani. Ibadilishe kabla ya kulaumu hedi. Baada ya kukimbia na mzigo, chomoa plagi: rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeupe kama chokaa maana yake petroli ni kidogo na joto limezidi. Injini ya kabureta itahitaji jeti kubwa kidogo.

Badilisha oili na filta baada ya kilomita 500, uipasue filta utazame kama kuna vimeta vya alumini. Tapeti zipimwe tena kwenye kilomita 1,000, kwa kuwa viti vipya hukaa. Na ukipanda na mzigo njia ya Marafa ukasikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, achia aksilereta. Rudi gereji, na kwa 4A-FE unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha kupimia, angalia taiming ya plagi kama iko nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ikiwa imezidi, irudishe kwa kuzungusha distribyuta. Ikiwa iko sawa na bado inagonga, ipunguze nyuzi moja au mbili, ujaribu tena mlima uleule na mzigo uleule.